Kobe Hana Kinu: Uzoefu wa Kuchagua Mimea ya Ua wa Makobe Pwani

Ua wa makobe ni eneo la wazi lililozungushiwa ukuta mfupi au uzio, ambamo makobe huishi, hula, hutaga na kupumzika juani na mvuani, tofauti na banda la ndani ambamo chakula chote huletwa kwa mkono wa binadamu. Kwa kuwa mnyama huyu hula kwa kuzunguka polepole akichuma anachokikuta, kila kinachoota ndani ya uzio, kiwe kimepandwa au kimejiotea, huhesabiwa kuwa chakula chake. Makala haya yanatokana na misimu kadhaa ya kuhudumia ua mmoja wa pwani ya kusini ya Kenya, uliokuwa na makobe wakubwa wa Aldabra pamoja na makobe wa nyika wenye magamba ya madoadoa, ambao mwandishi alishiriki kuupanda, kuupalilia na kuuangalia. Ua huo ulikuwa na kibali, jambo ambalo si la hiari, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 zinamtaka anayeweka mnyamapori kizuizini awe na idhini ya mamlaka husika.

Ili kuelewa mimea inayomfaa kobe mkubwa, ni vyema kuanzia kwao. Aldabra ni atoli ya Shelisheli, yaani duara la visiwa vya matumbawe lenye maji ya bahari katikati, na tangu mwaka 1982 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Makobe wanaoishi huko wanakadiriwa kufikia laki moja. Sehemu za kisiwa ambazo makobe hao huzilisha kwa wingi zimefunikwa na zulia fupi la nyasi, ndago na mimea midogo ya aina takriban ishirini, ambayo baadhi yake, kwa kulishwa vizazi na vizazi, imekuwa vibete kwa asili, hata hutoa maua na mbegu ikiwa karibu kabisa na ardhi, mahali ambapo kinywa cha kobe hakiwezi kuzifikia kwa urahisi. Juu ya zulia hilo huongezwa majani yanayodondoka kutoka kwa miti na vichaka. Picha inayopatikana hapo ni ya mnyama anayeishi kwa chakula kigumu chenye nyuzinyuzi nyingi, yaani ile sehemu ya mmea isiyosagika kwa urahisi, na chenye sukari na protini kidogo, lakini cha aina nyingi kwa wakati mmoja.

Makobe walioondolewa kwao walilipoteza zulia hilo. Mwaka 1919 makobe wanne walipelekwa kutoka Shelisheli hadi kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, na uzao wao uliongezeka kabla ya wizi wa miaka ya 1980 na 1990 kuwapunguza vibaya na kulazimisha kujengwa ua imara. Popote makobe wa aina hii wanapotunzwa katika pwani yetu, pengo lililoachwa na nyasi za Aldabra huzibwa na mimea iliyo karibu, na mimea iliyo karibu na watu wa pwani ni ile ya shambani na jikoni. Mgeni anayepewa majani awalishe makobe huyapokea bila wasiwasi kwa sababu anayajua kuwa ni mboga, na mtunzaji mpya hufikiri vivyo hivyo anapochagua miche: kinacholiwa na watu, huona, hakiwezi kumdhuru kobe.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba mwongozo huo wa jikoni hupotosha, kwa sababu mboga nyingi za pwani ni salama kutokana na yale tunayozifanyia kabla ya kuzila. Mfano ulio wazi ni kisamvu. Majani ya muhogo yana kemikali ambazo jani likipondwa hukutana na kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, zikatoa sianidi, ambayo ni sumu inayozuia mwili kutumia oksijeni. Kutwanga katika kinu na kuchemsha kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, ndiko kunakoiachilia sianidi hiyo ipotee na mvuke. Majani ya magimbi nayo yana fuwele za oksaleti ya kalsiamu, ambazo ni vipande vyembamba kama sindano vinavyochoma ulimi na koo, na kila mpishi anajua kwamba yasipoiva sawasawa huwasha. Kobe hana kinu wala chungu. Hana hata meno: hukata jani kwa kingo ngumu za taya, hulimeza likiwa vipande vikubwa, na kuacha kazi iliyobaki ifanywe na mchachuko, yaani kuvunjwavunjwa kwa chakula na vijidudu ndani ya utumbo mpana, kazi inayoweza kuchukua siku nyingi. Kwa hiyo muhogo na magimbi, ingawa ni chakula cha heshima katika kila nyumba, havikupandwa ndani ya ua wala kando yake.

Zizi la mbuzi nalo hutoa mwongozo wenye kasoro ileile. Mlusina, mti unaosifiwa na maafisa ugani kwa malisho yake yenye protini nyingi, una kemikali iitwayo mimosini, ambayo humfanya punda au farasi anayeula kwa wingi apukutike manyoya. Wanyama wanaocheua, kama mbuzi na ng'ombe, wanaweza kuustahimili iwapo tumbo lao lina bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Katika miaka ya 1980 bakteria kutoka kwa mbuzi wa Hawaii walipelekwa Australia kwa kusudi hilohilo, kwa kuwa ng'ombe wa huko hawakuwa nao. Mbuzi kustawi kwa mlusina, kwa hiyo, ni habari inayohusu tumbo la mbuzi, na mtu anayetaka kuitumia kumhukumia kobe anahitaji ushahidi mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa ndege anayeonekana akidonoa tunda fulani, au mdudu anayekula jani hadi likabaki mishipa mitupu.

Ipo pia mimea ambayo haina nafasi katika ua wowote, na mingi ni ya kawaida mno pwani kiasi kwamba macho huipita. Mbarika, ambao sehemu nyingi za Tanzania huitwa mnyonyo, huota wenyewe kwenye takataka na udongo uliochimbuliwa, na mbegu zake zina raisini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotokana na mimea. Mturituri, mtambaa wenye mbegu nyekundu zilizo na doa jeusi ambazo hutungwa ushanga, una sumu ya jamii hiyo. Mbono kaburi hupandwa kuwa ua wa boma kwa sababu mifugo huukwepa, na sababu ya kuukwepa ndiyo sababu ya kuutoa. Mnyaa, wenye vijiti vya kijani visivyo na majani makubwa, hutoa utomvu mweupe unaounguza ngozi na kuweza kupofusha jicho. Mnanaha, wenye maua ya mfano wa tarumbeta na matunda ya miiba, huvuruga mishipa ya fahamu. Utupa, ambao wavuvi wa zamani waliutwanga na kuumwaga majini ili kulevya samaki, hauhitaji maelezo zaidi. Katika bustani za hoteli na majumba ya kifahari, hatari huja katika sura ya mapambo: oleanda, yenye maua ya waridi na sumu inayovuruga mapigo ya moyo, lantana, inayoharibu ini la ng'ombe, na difenbakia, yenye fuwele zilezile za magimbi.

Watu wengi huamini kwamba mnyama anajua mwenyewe kinachomdhuru, na imani hiyo ina ukweli wa kiasi pale tu penye wingi wa chakula. Katika ua unaozungumziwa hapa, upande mmoja wa uzio ulipakana na kichaka cha lantana kilichokuwa nje, umbali ulioonekana kutosha. Wakati wa masika, ukoka ulipokuwa umenona na mimea midogo imejaa kila kona, hakuna kobe aliyekisogelea. Kiangazi kilipoingia, pepo za kaskazi zikakausha ukoka hadi ukawa rangi ya mchanga, dume mmoja mkubwa alianza kukaa jioni nzima kwenye uzio huo, shingo yake imenyooshwa kati ya nguzo, akijaribu kulifikia tawi la lantana ambalo miezi michache nyuma alikuwa akilipita. Kichaka kilikatwa na mizizi ikang'olewa. Funzo lililobaki ni kwamba usalama wa mmea hubadilika na msimu, kwa sababu njaa hupunguza uchaguzi, na kwamba mipaka ya ua lazima ipimwe kwa urefu wa shingo na kwa kuenea kwa matawi pamoja na matunda na mbegu zinazodondoka.

Kumtazama kobe anavyokula husaidia kuchagua mimea kuliko orodha nyingi. Hunyoosha shingo, husogeza pua hadi karibu kuligusa jani, hutulia kidogo, kisha hufungua kinywa chenye ulimi mnene, huuma ukingo wa jani na kurudisha kichwa nyuma kwa nguvu. Jani lisipokatika, huweka mguu wa mbele juu ya shina na kuvuta tena, na mara nyingi mche mzima hung'oka na mizizi yake. Kwa hiyo mmea unaofaa ni ule usiomdhuru yeye na wenye uwezo wa kustahimili meno asiyokuwa nayo: unaochipua kutoka chini ya ardhi, unaotambaa na kuotesha mizizi kwenye kila pingili, au unaokua haraka kiasi cha kumtangulia.

Ukoka ulitimiza sharti hilo kuliko mmea mwingine wowote, kwa kuwa hukua kwa kutambaa na hunufaika kwa kulishwa mfupi, na ndio uliofanywa msingi wa ua wote. Ndani yake yaliachwa makusudi magugu ambayo mtunza bustani wa kawaida angeyang'oa. Mchunga, wenye majani machungu na utomvu mweupe mwepesi ambao hauna ukali wa ule wa mnyaa, uliliwa kabla ya kitu kingine chochote, na uchungu wake haukuonekana kumkera kobe hata mmoja. Kishona nguo, ambao mbegu zake hunasa kwenye nguo za mpita njia, ulipendwa ungali mchanga. Kongwa, wenye maua ya buluu na mashina yenye maji, uliota wenyewe kivulini kila baada ya mvua. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, yalipandwa kwenye tuta lililoinuliwa ili makobe wafikie ncha zinazoning'inia bila kuifikia mizizi, na yalihesabiwa kuwa nyongeza tu, sawa na mchicha, kwa sababu ya oksaleti iliyomo katika majani ya aina hiyo.

Oksaleti hiyo inahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo hatari isiyoua kwa siku moja inapojificha. Gamba la kobe ni mfupa uliofunikwa kwa tabaka la pembe, na mfupa unahitaji kalsiamu. Oksaleti iliyo katika mboga laini huishika kalsiamu ndani ya utumbo na kupunguza kiasi kinachofyonzwa. Fosforasi ikizidi kalsiamu katika chakula huleta tatizo linalofanana na hilo, na ndiyo maana huelekezwa kwamba majani yanayoliwa kila siku yawe na kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, ikiwezekana maradufu au zaidi. Mpungate, ule wenye mashina bapa yaliyofuatana kama viganja, ulifaa kwa kuwa una kalsiamu na maji mengi na huendelea kuwa na rutuba wakati wa kiangazi, japokuwa aina zenye miiba mirefu zilikwanguliwa kabla ya kutolewa. Jua la pwani lilifanya sehemu iliyobaki, kwa sababu mionzi yake ya urujuanimno huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu iliyoliwa haitumiki ipasavyo.

Kuhusu miti, kivuli na chakula vilitazamwa pamoja. Mkungu ulichaguliwa kwa sababu matawi yake hutandaa kama sakafu za ghorofa na majani yake mapana hugeuka mekundu na kuanguka kwa wingi, yakiliwa na makobe wakubwa hata yakiwa yamekauka. Hibiskasi ilipandwa nje ya uzio, hatua moja kutoka ukutani, ili shina libaki salama na matawi yenye maua yainamie ndani. Mpango huo ulitoa chakula kila siku bila mche hata mmoja kukanyagwa na dume ambaye uzito wake unaweza kupita kilo 200. Mvinje nao una historia ndefu pwani, hasa Bamburi, ambako kuanzia mwaka 1971 René Haller aliutumia kuotesha msitu juu ya machimbo ya matumbawe yaliyoachwa wazi na kiwanda cha saruji, mahali ambapo baadaye pakawa Haller Park na makazi ya makobe wa Aldabra. Katika ua huu, hata hivyo, mivinje iliwekwa upande wa upepo tu, kwa sababu majani yake membamba yakitandazika chini huzuia ukoka kuota.

Mwembe ulikuwepo kabla ya makobe, na ulifundisha jambo lake. Embe si sumu kwa kobe, na mtu angeweza kuliandika katika orodha ya vyakula salama bila kusema uongo. Lakini msimu wa maembe ulipofika, matunda yalidondoka usiku kucha, na asubuhi makobe walikutwa wamekusanyika chini ya mti, nyuso zao zikiwa zimepakaa rojo la manjano, wameuacha ukoka kabisa. Baada ya muda mfupi kinyesi chao, ambacho kwa kawaida ni bonge kavu lenye nyuzi za nyasi zinazoonekana wazi, kilikuwa laini na chenye harufu kali, ishara kwamba sukari ilikuwa imevuruga vijidudu vinavyofanya mchachuko. Eneo la chini ya mwembe lilizungushiwa vigingi kwa muda wote wa msimu, matunda yakaokotwa kila alfajiri, na hali ikarejea kuwa ya kawaida. Mmea huohuo, basi, ulikuwa salama kwa miezi tisa na tatizo kwa mitatu, na dawa yake ilikuwa kigingi na kikapu badala ya shoka.

Makobe wachanga walihitaji mpango wao wenyewe. Hofu ya muda mrefu miongoni mwa wafugaji ni gamba linalotuna na kuwa na vilima, ambalo kwa miaka mingi lilidhaniwa kuletwa na protini peke yake. Utafiti wa C. S. Wiesner na C. Iben uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa kwa makobe wa Afrika wenye miguu ya miiba, ulionyesha kuwa ukavu wa hewa una mchango mkubwa zaidi ya protini. Kwa mtu anayepanda ua, matokeo hayo yana maana kwamba mmea unaweza kumfaa kobe bila kuliwa. Mchaichai ulipandwa kwa vishada vilivyosongamana, na ndani ya vishada hivyo makobe wadogo walijichimbia mchana, mahali penye unyevu na ubaridi ambapo hata kunguru hakuweza kuwaona.

Mmea salama huweza pia kugeuzwa kuwa hatari na safari yake kabla ya kufika uani. Miche inayouzwa kando ya barabara mara nyingi imepuliziwa dawa ya wadudu, na udongo wa kwenye vifuko vyake huwa na punje za mbolea ambazo kobe huzimeza bila kubagua. Kwa hiyo kila mche ulionunuliwa uliwekwa nje ya uzio kwa wiki kadhaa, ukatolewa udongo wake na kupandwa upya, na majani yake ya kwanza yakakatwa na kutupwa. Palipowezekana, vipando vilitolewa kwenye mimea iliyokuwamo tayari. Eneo zima liligawanywa nusu kwa nusu, upande mmoja ukiliwa huku wa pili ukipumzika, na sehemu ya udongo mtupu ikaachwa juani bila kupandwa chochote, kwa ajili ya majike wanaotafuta mahali pa kuchimba na kutaga.

Hata baada ya mpango wote huo kukamilika, uchaguzi wa mimea haukwisha, kwa sababu mvua na ndege havifuati ramani. Kila masika yalileta miche ya mbarika kutoka kwenye jalala la jirani, na mara mojamoja mturituri ulionekana ukiparamia uzio, ukiwa bado mwembamba na usio na mbegu. Mmea ambao hakuna aliyeutambua uling'olewa kwanza na kuulizwa baadaye, na sampuli ya mmea usiojulikana huweza kupelekwa Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, ili itambuliwe kwa jina la kisayansi. Lakini hebaria hupokea kilichokwisha onekana, na wa kwanza kukiona ni mpalilizi, mara nyingi mwanamke wa kijiji cha jirani anayelipwa kwa siku na kuambiwa tu asafishe. Taasisi inayotaka ua salama itafanya vyema kumpa mtu huyo kazi ya kudumu, kumfundisha mimea ya hatari ikiwa bado na majani mawili, kuuliza anachokijua yeye kuhusu magugu ya kwao, na kumpa mamlaka ya kung'oa bila kusubiri ruhusa, kwa kuwa mchora ramani huchagua mimea mara moja, ilhali mwenye jembe huichagua kila wiki.